Pima Chombo Kwanza

Sikumpenda Mkaguzi. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani nampamba kwa sababu mwishoni alinishinda. Nilimjua kwa miaka zaidi ya thelathini, nyumba yake na yetu zikitenganishwa na uchochoro mmoja hapa Dunda, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilimwamkia shikamoo huku nikimtazama mikono. Naye aliitikia marahaba huku akinitazama yangu. Tulikuwa majirani wa namna hiyo.

Jina analo, lakini hakuna aliyelitumia. Hata mkewe, Bi Zuhura, akimtaka uani alisema, "Niitieni Mkaguzi." Kazi yake serikalini ilikuwa kukagua mizani: za sokoni, za madukani, za kwenye minada ya mahindi. Alistaafu zamani, ila ukaguzi wenyewe haukustaafu. Alibaki na sanduku la mbao lenye mawe ya mizani ya shaba, kuanzia la kilo mbili hadi dogo la ukubwa wa punje ya hindi, kila moja katika tundu lake lililotandikwa kitambaa chekundu. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuyagusa kwa vidole. Jasho la kidole, alisema, nalo lina uzito wake.

Baba yangu alikuwa na duka la mchele na sukari. Nilikuwa darasa la nne siku Mkaguzi alipoingia, akaweka jiwe lake juu ya mizani yetu, akautazama mshale, kisha akaipindua sahani ya mizani chini juu. Kulikuwa na kipande cha nta kimegandishwa pale chini, ukubwa wa kunazi. Wateja walikuwa wamejaa. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Kabla hujapima sukari, pima chombo kitupu kwanza," akaondoka na mizani yetu kwapani. Baba aliapa mpaka anaingia kaburini kwamba nta ile hakuiweka yeye, na mimi nilimwamini, kwa kuwa alikuwa baba yangu na sikuhitaji sababu nyingine. Toka siku hiyo Mkaguzi akaniita Binti Sukari. Sikupata kujua kama ulikuwa utani au mashitaka.

Maneno yale ya chombo kitupu aliyatia kila mahali. Ukimsifia mtu mbele yake, anauliza, "Umempima kitupu?" Mwanawe mkubwa alipoleta mchumba, aliuliza hivyo hivyo, na binti wa watu akatoka analia. Kwenye maulidi aliwahi kusimama akamuuliza mpishi sufuria peke yake lina uzito gani, kwa sababu waalikwa walikuwa wameambiwa nyama ni nyingi na yeye alikuwa na shaka. Watu walicheka, lakini baadaye nyama haikutosha kweli.

Lugoba bado wanamkumbuka kwa lumbesa, yale magunia yanayoshindiliwa mahindi hadi yanaota kichwa juu ya mshono, mkulima akahesabiwa gunia moja huku ametoa moja na robo. Alifika mnadani, akapanda juu ya lumbesa, akakaa. Mwenye mzigo akamuuliza, "Mzee, utashuka lini?" Akajibu, "Kichwa hiki kikiondoka, na mimi nitaondoka." Alikaa hapo mpaka magunia yakafumuliwa. Nilimuuliza Bi Zuhura kama siku hiyo mumewe alikuwa mzima au alikuwa amepanda. Akasema, "Alikuwa mzima, mwanangu. Angekuwa amepanda, angemshona na mwenye mzigo humo ndani."

Maana mtu huyu aliyepima kila kitu alikuwa na ugonjwa usioonekana kwenye mizani. Daktari wake wa akili huko Dar aliuita ugonjwa wa kupanda na kushuka. Akipanda, halali, anaongea mpaka mate yanamkauka, anaandika barua kwa wakubwa, anatoka kwa miguu kwenda Msata kukagua mizani ambayo haimhusu tena. Akishuka, anageukia ukuta wiki nzima na yale mawe yake ya shaba yanaingia ukungu. Dawa yake ilikuwa lithiamu, aina ya chumvi iliyotengenezwa vidonge. Ikiwa ndogo mwilini haifanyi kitu, ikizidi ni sumu, na kati ya hizo mbili nafasi ni finyu. Kwa hiyo kila baada ya miezi michache damu yake hutolewa ikapimwe.

Mtoaji damu nilikuwa mimi. Maisha yana vichekesho. Binti wa mwenye mizani mbovu nilisomea maabara, nikaajiriwa kwenye zahanati ndogo ya hapa hapa mjini, na Mkaguzi akawa ananyoosha mkono wake mbele yangu. Damu niliitoa asubuhi kabla hajameza kidonge, nikaizungusha kwenye mashine mpaka yale maji ya juu yajitenge, nikayamimina kwenye kikopo kisafi, nikakituma Dar kwa basi la kwanza. Majibu yalirudi kwa simu ya daktari.

Sasa nieleze kwa nini hakuna aliyemwamini, ili tusije tukamfanya malaika. Alikuwa amewahi kudanganya. Mwaka mmoja alipanda vibaya, na Bi Zuhura alipokuwa akipangusa lile sanduku la mawe akainua kitambaa chekundu, akakuta vidonge kumi na kimoja vimelala chini yake. Alikuwa akivitia kinywani, akivificha chini ya ulimi, kisha akivitoa mke akigeuka. Alipobanwa alisema dawa inamtetemesha mikono, na mkono unaotetemeka hauwezi kuliweka jiwe dogo kwenye mizani. "Mawe unampimia nani siku hizi?" mkewe akamuuliza. Mzee akaapa kwa msahafu kwamba hatarudia tena.

Bi Zuhura hakuridhika na kiapo peke yake. Alisema maneno mbele yetu majirani, akiwa amesimama mlangoni na kanga kiunoni: "Nimezaa naye, nimeugua naye, nimezeeka naye. Ila nikigundua ananichezea tena hizi dawa, narudi kwetu Pangani, na asinifuate." Tulijua kwamba hasemi kujifurahisha. Kuanzia kesho yake, kila akimpa kidonge alimwambia aachame, ainue ulimi, na yeye akimmulika kwa tochi ya simu. Mzee wa makamo yale, aliyepindua sahani za wafanyabiashara kutoka hapa mpaka Chalinze, sasa anapinduliwa ulimi kila asubuhi na kila jioni. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipoliona hilo mara ya kwanza nilimkumbuka baba nikasema moyoni, malipo ni hapa hapa duniani.

Alikuwa na vituko vingine vinavyokataa kukaa pamoja. Mkali wa vipimo, lakini kwenye dhumna alikuwa mwizi. Alizikwaruza kete mgongoni kwa msumari akazijua zote, na alipokamatwa alisema mchezo hauna mteja. Hakuamini mizani ya mtu, lakini samaki alinunua kwa kumpima kiganjani, akitangaza uzito kwa sauti, na alikosea karibu kila siku. Watoto wa mtaa walipomwomba karanga aliwajazia mpaka zinamwagika, yeye adui wa lumbesa.

Na kuna habari ya Ramadhani. Daktari alimkataza kufunga, kwa sababu mtu akikaa bila maji chumvi ile inajikusanya mwilini ikamdhuru. Kwa hiyo alikula mchana, nyuma ya pazia, na watoto wakamwona. Wakamwita kobe. Walipita dirishani wakiimba, "Kobe, toa kichwa!" Angeweza kusema ni mgonjwa, dini yenyewe inamruhusu. Hakusema. Mtaa mzima ulijua ana matatizo ya kichwa, lakini yeye aliamini ni siri, na alikubali kuitwa mla mchana kuliko kuitwa kichaa. Nilimuuliza siku moja kwa nini asijitetee. Akasema, "Binti Sukari, anayejitetea ameshakuwa mshitakiwa."

Halafu ikaja ile habari ya ubongo.

Daktari wake, kijana mpole, alimfungulia simu akamwonyesha picha ya ubongo iliyopakwa rangi. Akamweleza kwamba ng'ambo kuna watafiti wanaomlaza mgonjwa ndani ya mashine ya sumaku, ile ya kupigia picha za kichwa, wakaitega inase lithiamu yenyewe, na hivyo wakapima ni kiasi gani kimefika kwenye ubongo. Damu na ubongo, alisema, haviendi sawa siku zote. Watu wawili wanaweza kuwa na kiwango kimoja kwenye damu, mmoja ubongo wake umeshiba na mwingine bado una njaa. Akamwambia pia kwamba mashine hizo si za kutibia watu bado, ni za uchunguzi, na huku kwetu asitarajie.

Mkaguzi alishuka kwenye basi akaja moja kwa moja maabara.

"Kumbe miaka yote mnanipima mlangoni," aliniambia, hata hajakaa.

"Mlango upi, mzee?"

"Dawa inakwenda kichwani, nyinyi mnaitafuta mkononi! Mnahesabu viatu barazani, halafu mnasema ndani watu kadhaa wamekula. Wamekula? Mmewaona?"

Nikamwambia damu ndicho kipimo tulicho nacho. Akauliza, "Na hiyo mashine ya sumaku, nani kaikagua?" Akampigia daktari simu hapo hapo mezani kwangu. Daktari akaahidi kuuliza, na baada ya siku kadhaa akajibu kwamba wale watafiti huweka kando ya kichwa cha mgonjwa kichupa chenye lithiamu ya kiasi kinachojulikana, mashine ikapima kichupa na kichwa, wakalinganisha. Sijapata kumwona mtu akafurahi vile. Alikwenda barazani kwa wacheza dhumna akawaambia, "Wana jiwe! Wanaweka jiwe la mizani ubavuni mwa kichwa! Hao wanaijua kazi." Wazee wale walitazamana, mmoja akamuuliza kama amekunywa dawa yake leo.

Alichotaka kilikuwa wazi. Alitaka apimwe ubongo, ionekane kwamba dawa imo, ili Bi Zuhura aizime ile tochi. Hakuwa akitafuta elimu. Lakini mimi nilikuwa na tafsiri yangu. Nilisema huyu mzee anaandaa kisingizio. Mtu anayepanga kuacha dawa huanza kwa kusema kipimo hakisemi kweli. Nikamnong'oneza Bi Zuhura aongeze macho.

Mwezi uliofuata alikuja kutoa damu kama kawaida. Vichupa vya damu vina kofia za rangi, kila rangi na kazi yake. Chake kilikuwa cha kofia nyekundu, kikavu ndani, hakina kitu. Wiki ile vyekundu viliniishia. Nilikuwa na vya kofia ya kijani, ambavyo ndani vimepakwa dawa ya kuzuia damu isigande, na tunavitumia kwa vipimo chungu nzima. Nikachukua kijani. Mkaguzi alikitazama akauliza, "Hiki mbona kingine?" Nikamwambia ni kile kile, rangi tu. Akasema, "Umekipima kitupu?" Nikamwambia, "Mzee, nyoosha mkono."

Majibu yalirudi yamepita kiasi, pakubwa. Daktari alishtuka, akauliza kama anatapika, kama anayumba. Hata. Anakula, anatembea, anabishana. Akaamuru dawa ipunguzwe nusu na damu irudiwe baada ya wiki. Bi Zuhura akafungia vidonge kabatini na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Wiki ikaisha, nikatoa damu tena, kijani tena, kwa kuwa vyekundu bado vilikuwa njiani. Majibu yakarudi juu vile vile.

Hapo kila mtu alielewa, au tulidhani tumeelewa. Mzee ana vidonge vyake vya siri. Siku za kawaida hamezi, ikikaribia siku ya damu anabugia konzi nzima ili aonekane mtiifu. Mimi ndiye niliyeyasema maneno haya, sebuleni kwao, mbele ya mkewe. Nilimuuliza, "Jana ulimeza vingapi, mzee? Sema kweli." Hakuapa safari hii. Alisema, "Pima chombo kitupu, Binti Sukari," nami nikamjibu jibu ambalo mtu mzima hajibiwi. Nilimwambia, "Hapa hakuna sukari ya baba yangu ya wewe kuikagua." Bi Zuhura akatazama chini.

Daktari, kwa kuhofia sumu, akasimamisha dawa kabisa. Na mtu yule akapanda.

Hazikupita wiki tatu. Alianza kwa barua, kisha akaacha kulala, kisha asubuhi moja akatokea sokoni na sanduku lake la mawe kichwani, amevaa kofia ya kazi ya zamani. Alipita meza kwa meza akipindua sahani za mizani na kuchungulia chini yake. Nyanya zilimwagika, dagaa wakamwagika, mama mmoja akampiga mwiko. Alikamata mizani sita. Niseme pia, kwa kuwa soko zima lilijua na hakuna aliyelisema, kwamba mbili kati ya hizo zilikuwa za uongo kweli.

Kutoka huko alikuja maabara. Macho yamemtoka, jasho linamtiririka, na mimi nina wagonjwa kwenye benchi. Alinyoosha mkono mezani, akachukua kichupa kimoja cha kofia ya kijani, akakipindua chini juu akakichungulia, vile vile alivyoipindua sahani ya baba yangu. Nilimpigia kelele. Mlinzi akamtoa kwa kumshika mkono, na jioni yake wanawe wakamchukua kwenda hospitali Dar. Bi Zuhura hakwenda naye. Alifunga mlango, ufunguo akampa jirani, akapanda gari kwenda Pangani kama alivyosema.

Kichupa kile alikiacha mezani kimelala ubavu. Nilikiinua nikirudishe mahali pake, na maandishi madogo ya ubavuni yakawa yamenielekea. Nimeyaona maandishi hayo mara elfu. Yanataja ile dawa ya kuzuia damu isigande, na dawa hiyo imefungwa na chumvi yake, na chumvi yake ni lithiamu.

Niliketi. Mgonjwa wa kwanza kwenye benchi aliniuliza kama naumwa.

Lakini mimi ni mtu wa shaka, na shaka yangu ilinitetea mpaka dakika ya mwisho. Nilijiambia pengine ni kidogo mno, hakiwezi kuleta tofauti. Kwa hiyo nilifunga mlango, nikajifunga mpira mkononi, nikajitoa damu mwenyewe: kichupa kimoja cha kijani, kimoja chekundu, maana vyekundu vilikuwa vimewasili juzi yake. Maji yao ya juu nikayatuma Dar kwenye vikopo viwili, vyote kwa jina langu. Mimi sijawahi kumeza kidonge cha lithiamu maishani mwangu. Majibu ya chekundu: hakuna kitu. Majibu ya kijani: juu, karibu sawa na ya Mkaguzi. Mpimaji wa Dar alinipigia simu, akaniuliza kwa upole, "Dada, unahudhuria kliniki wapi?"

Nilizikunja karatasi zile mbili nikaziweka mkobani, na zikakaa mkobani siku ishirini na kitu. Daktari nilimwambia kesho yake, hilo nililifanya, na dawa akaanzishiwa upya huko huko wodini. Lakini kumwambia Mkaguzi, na kumwambia Bi Zuhura, hapo miguu ilikuwa mizito. Niliogopa kazi yangu, ndiyo. Niliogopa zaidi yale maneno niliyokuwa nimeyaandaa ya kujitetea, kwa sababu kila nilipoyajaribu yalikuwa ni haya: si mimi niliyeiweka. Na maneno hayo niliyajua. Niliyasikia nyumbani utoto wangu mzima.

Aliporudi kutoka hospitali alikuwa amekonda, ametulia, anakaa barazani peke yake baada ya alasiri. Nyumba ilinuka vumbi. Nikamwamkia, akaitikia, nikakaa chini kwenye mkeka ingawa alinionyesha kiti. Nikampa karatasi. Alivaa miwani, akazisoma, akazilinganisha, akarudia kusoma jina langu juu ya kila moja.

"Kwa hiyo na wewe unabugia konzi nzima?" akasema.

Nikaanza kulia. Nikamweleza yote: kofia, chumvi, kile kichupa alichokipindua, na siku zote nilizokaa kimya. Nikasema, na sikuweza kulizuia, "Wallahi mzee, sikuiweka mimi. Chombo nilikikuta nayo."

Alivua miwani. Kisha akasema, "Baba yako aliniambia hivyo hivyo. Kwa maneno hayo hayo, nilikikuta nayo. Sikumwuliza mizani ile aliinunua kwa nani." Akanirudishia karatasi. "Ilikuwa kazi yangu kuuliza."

Nikamuuliza kitu cha kipumbavu. Nikamuuliza kama ile mashine ya sumaku ingeletwa kesho, angekwenda kupimwa ubongo. "Ningekwenda," akasema. "Ila kile kichupa chao wangekifungua mbele yangu." Halafu akaelekeza kidole kwenye mkoba wangu. "Hizo usiniachie. Mimi sina wa kumwonyesha anayeniamini. Mpelekee mwenyewe Pangani."

Nilimpigia Bi Zuhura simu kwanza. Akasema karatasi hazisomwi kwa simu. Kwa hiyo nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi nikapitia Msata, na nikamkuta kwa kaka yake akichambua mchele. Nilimwambia mbele ya wifi zake, kama nilivyomshitaki mumewe mbele yake. Hakupiga kelele. Alinishika mkono wa kushoto, akakigeuza kiwiko, akatafuta alama ya sindano kwa kidole gumba. Ilikuwa imeshapona. "Hapa ndipo ulipojichoma?" Nikasema ndipo. Aliniuliza hivyo mara tatu, kisha akamwambia wifi yake amalizie mchele.

Mara ya mwisho nilipokwenda kumtoa damu niliifuata nyumbani kwake, asubuhi, kabla ya kidonge. Nilibeba chupa ya kofia nyekundu. Aliipokea, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaipindua chini juu, akayasoma maandishi yote hadi tarehe ya kuisha muda, akanirudishia. Nikasubiri aseme neno lake. Hakulisema. Alinyoosha mkono. Mpaka leo hakuna aliyempima ubongo, na sijui kama dawa imefika huko ya kutosha au haijafika, wala yeye hajui. Nilijaza chupa yangu nikabonyeza pamba.

Bi Zuhura akaja na kidonge kwenye kisahani na bilauri ya maji. Alimpa, akamwona anakitia kinywani, akageuka kwenda kuepua chai. Mkaguzi alimeza. Kisha, kwa mazoea ya muda wote ule, akaachama, akainua ulimi, akabaki hivyo na macho juu, akisubiri tochi.

Mkewe aligeuza shingo akamtazama.

"Funga kinywa hicho," akasema. "Nzi wataingia."